Ubavu wa Mbuzi na Ijumaa Niliyojuta

Niwataje kwanza waliokuwepo, maana kumsahau mtu jina ni kama kumnyima chakula. Alikuwepo Madamu Dorothi, Mwingereza, mwalimu, mwenye nyumba; mimi Mwanaidi nilikuwa mpishi wake. Alikuwepo mume wangu Rajabu, dereva wa basi la shule. Alikuwepo Bi Asha Makame wa Unguja, yaya wa nyumba ya pili, shoga yangu, ambaye siri zangu zote alikuwa nazo kama funguo kwenye pindo la kanga. Walikuwepo Saidi na Pili, maharusi wetu: Saidi ni mtoto wa binamu yangu Mwanahawa, kwa hiyo ni mwanangu, na Pili ni mkwe. Alikuwepo Wekesa, Mkenya wa Bungoma, mlinzi wa jengo refu kule West Bay, Doha. Yeye hakuwa na undugu na mtu pale isipokuwa na sufuria yangu. Na walikuwepo vijana sita wasio na ndoa, ambao siku ile ndio waliokuwa wazee wa baraza: Halima, Grace na Nakato kwa wasichana, Musa, Otieno na Hamadi kwa wavulana. Na paka wa Madamu, jina lake Pilipili, ambaye shida yake ilikuwa moja tu, na ilikuwa inaning'inia kwenye kamba ya nguo.

Enzi zetu za Doha, jamani! Najua wenzangu mkikumbuka utoto mnakumbuka rede na kombolela na kuiba maembe mabichi. Mimi utoto wa Tanga niliupita mbio. Nilikuwa mkubwa wa watoto tisa, mgongo wangu haukuwahi kukauka mkojo wa mdogo wangu, na darasa la nne nikatolewa ili wengine wapate wa kuwabeba. Wenzangu walipojipikilisha kwa vifuu na mchanga, mimi nilikuwa napika kweli. Kwa hiyo utoto ulinisubiri mahali. Niliukuta Doha, nina miaka hamsini na mbili na pengo la meno mawili.

Niliukuta siku za Ijumaa. Miaka ile mji ulikuwa vumbi na winchi, barabara ikihamishwa kila wiki, hata Rajabu na udereva wake alikuwa akipotea njia aliyoipita jana. Lakini Ijumaa, swala ikiisha, watu wetu walikuwa wakimiminika uani kwa Madamu. Huyu ana mikate bapa ya kubusi ya moto imefungwa kwenye gazeti, yule ana chai ya karak kwenye vikombe vya karatasi, tamu ya kuunganisha midomo. Wekesa alikuwa akija akitoka kanisani Mesaimeer, maana kule ibada kuu ni Ijumaa, suti imenyooka kama yeye ndiye aliyehubiri. Madamu hakuwa na mtoto wala mume, alipenda kelele zetu. Kiswahili alikipata Kenya, alikofundisha zamani, na alikizungumza kama mtu anayepiga pasi: taratibu, neno moja moja, bila mkunjo. Tulifunga kanga viunoni tukacheza rede kwa mpira wa soksi. Bi Asha, bibi mzima, alirusha mpira ule kama ana ugomvi na ukoo wako. Nilikuwa nikiukwepa huku nikipiga mayowe, nikacheka mpaka nikakaa chini. Watoto wa leo wanacheza kwa kidole gumba, wamekaa, shingo zimepinda. Hata jasho hawalijui, wanaliona kwenye tangazo.

Sasa hapa mnielewe vizuri, maana ndipo habari ilipo. Ndoa zetu za Doha zilikuwa ndoa za Ijumaa. Rajabu alilala nyumba ya madereva, watu sita chumba kimoja. Mimi nililala chumba cha nyuma ya jiko la Madamu, na walinzi wa getini hawakuruhusu mgeni wa kiume abaki baada ya isha. Ilikuwa miaka minne sijaamka asubuhi nikamsikia mume wangu akikohoa. Ana kikohozi chake cha alfajiri, si ugonjwa, ni kama jogoo tu. Msicheke, nilikuwa nakiota kikohozi kile.

Basi Ijumaa moja tumeshiba, Madamu akasema, "Nataka kuwaambia desturi ya kwetu. Mume na mke wanakuja mbele ya watu. Wanapiga magoti juu ya mawe makali. Wanaapa kwamba mwaka mmoja na siku moja hawajajuta kuoana. Wakiwa macho, wakiwa wamelala, hawajajuta. Watu wakiwaamini, wanapewa ubavu wa nguruwe."

Bi Asha akaweka kikombe chini. "Ubavu wa nini, Madamu?"

"Nguruwe."

"Astaghfirullah! Mtu avumilie mume mwaka mzima bila kununa, halafu aadhibiwe hivyo?"

Tulicheka hadi Pilipili akakimbia. Lakini desturi yenyewe ikatunasa kama gundi. Madamu akatueleza kwamba wanaoamua ni wavulana na wasichana ambao hawajaoa wala kuolewa, na kwamba nyama huwa na wakili wake, ambaye kazi yake ni kuthibitisha kuwa wanandoa hawastahili kuila. Wekesa akasimama pale pale, akafunga kifungo cha koti. "Hiyo kazi ni yangu. Mtu asinishindanie."

Tukapanga: Ijumaa itakayofuata Idi ya kuchinja, ubavu uwe wa mbuzi. Bi Asha akakataa jina la Mungu lisitiwe kwenye mchezo wa nyama. Tukakubaliana mtu ashike chumvi kiganjani, aape kwa chumvi aliyokula na mwenzake. Ndipo Madamu akaongeza neno lililoniondolea usingizi. Alikuwa anasafiri kwao Krismasi, wiki nzima. Watakaoshinda angewaombea ruhusa getini, wakae ndani ya nyumba yake kama mume na mke, wamlishe paka. Ruhusa ya mwanamume mmoja tu ndiyo ingepatikana.

Wiki nzima! Asubuhi saba! Ubavu wenyewe niliusahau.

Rajabu ndiye aliyepagawa. Alinunua shati jipya la mikono mirefu. Aliwatangazia madereva wote: "Mimi na Mwanaidi tuna miaka ishirini na mitatu ya ndoa. Ubavu ule hesabuni umeshaliwa." Nami nikicheka naye, lakini hesabu yake niliijua ina pengo. Kwa sababu ndani ya mwaka ule ule kulikuwa na Ijumaa moja ambayo Rajabu hakuja. Nilipika wali wa nazi na samaki wa kukaanga, nikakaa nje ya geti ukingoni mwa barabara na sufuria yangu magotini, tangu swala ya Ijumaa mpaka magharibi. Nilikuwa nikimwona kila mtu anayepinda kona kuwa ni yeye. Bi Asha aliponifuata nilimwambia, "Shoga, laiti ningeolewa na Mbaruku fundi cherehani, leo nisingekuwa nakaa barabarani kama mzigo uliosahaulika." Wiki iliyofuata Rajabu aliniambia alitumwa safari ya ghafla Al Khor. Nikamsamehe. Lakini kujuta nilijuta, na aliyesikia alikuwa mmoja, na angekuwepo.

Siku ikafika. Ubavu umetundikwa kwenye kamba ya nguo na utepe mwekundu, Pilipili chini yake amekaa kama askari. Madamu ndiye jaji, kavaa kofia ya majani ya bustanini. Wale sita wameketi juu ya mkeka, nyuso kavu, Otieno anajikuna kidevu kama ana ndevu. Mbele yao tumemwaga kokoto za kwenye maua, za kupigia magoti.

Wekesa akainama. "Mheshimiwa jaji, mimi ni wakili wa hii nyama. Nyama haina mdomo, mimi ndio mdomo yake. Na imeniambia asubuhi, haitaki kuliwa na waongo."

Walianza Saidi na Pili. Hao walioana kwa simu, Saidi akiwa Doha na Pili akiwa Morogoro, kisha Pili akapata kazi ya hoteli akamfuata. Naye Saidi alilala kambi ya kampuni na Pili bweni la hoteli, kwa hiyo wiki ile waliitaka kwa meno yote.

"Mlioana lini?" Wekesa akauliza.

"Idi ya pili, mwaka jana, Idi kama hii hii," Saidi akajibu haraka. "Idi ya pili mwaka huu ilikuwa juzi. Ongeza siku moja, ni jana. Tumetimiza!"

Vigelegele. Lakini Madamu akaingia ndani akatoka na kalenda ya ukutani na miwani, akahesabu kwa ncha ya kalamu. "Hapana, Saidi. Kwa kalenda hii bado siku kumi."

Pale ndipo pakawaka moto. Saidi anasema mwaka ni mwaka. Bi Asha anauliza mwaka wa nani, wa mwezi au wa jua? Wekesa anasema desturi ni ya Mzungu na kalenda iwe ya Mzungu. Musa akasahau kwamba ni mzee wa baraza, akaruka juu: "Lakini mbuzi ni Mwislamu!" Jamani! Madamu alivua miwani akajifuta machozi. Ikaamuliwa Saidi na Pili wakae kando, shauri lao litazamwe mwisho.

Tukaitwa sisi. Tukapiga magoti. Kokoto zile, nawaambia, zilinitafuta mfupa kwa mfupa. Rajabu na shati lake jipya, kifua mbele.

"Mathe," Wekesa akaniambia kwa upole wa paka, "wewe na mzee mnaonana siku ngapi kwa wiki?"

"Moja. Ijumaa."

"Peke yake?"

"Peke yake."

Akageukia baraza. "Mmesikia? Ndoa yao ni ya Ijumaa. Mwaka mzima ni siku hamsini na mbili! Hata mimi naweza kaa na simba siku hamsini na mbili nisijute!" Kisha akanirudia. "Na hizo Ijumaa zote, buda alikuja?"

Rajabu akasema, "Moja nilikuwa safarini. Al Khor." Nikamtazama Bi Asha. Bi Asha akatazama mbinguni. Halafu, Mola wangu, akasimama.

"Mie n'na ushahidi," akasema. "Siku hiyo asiyokuja, huyu shoga yangu alitamka neno. Na neno lenyewe lilikuwa la kujuta."

Uani kote, "Haaa!" Rajabu akanigeukia, mdomo wazi. Nami nikamwona Bi Asha ameniuza mchana kweupe. Lakini hakuwa amemaliza.

"Tulia, wakili, usichekelee. Si weye uliyesema ndoa yao ni zile Ijumaa wanazoonana? Basi Ijumaa ile hawakuonana. Hapakuwa na ndoa siku ile. Na pasipo ndoa, mtu atajutia nini? Haya, jibu, yakhe!"

Wekesa akafungua kifungo cha koti. Akakaa chini. "Nimejifunga bao mwenyewe," akasema. Wasichana wakapiga vigelegele, Hamadi akampigia Bi Asha saluti. Baraza lote limelainika, lipo upande wetu. Madamu akaninyooshea kisahani cha chumvi. "Mwanaidi, chukua. Sema tu kwamba hukujuta, na basi."

Nikaichukua ile chumvi. Nikamtazama Rajabu, kola ya shati bado ina pini ya dukani. Nikaziona asubuhi saba, moja baada ya nyingine, na kikohozi chake. Neno lenyewe lilikuwa jepesi. Lakini marehemu mama yangu alikuwa akisema, "Kiapo ni mwiba wa samaki: ukikimbilia kumeza, utakohoa mbele za watu." Na chumvi ile ndiyo niliyoitia kwenye samaki wa siku ile ambaye Rajabu hakuja kumla.

Nikairudisha kisahanini.

"Sisemi. Maneno ya Bi Asha ni matamu, lakini mimi ndiye niliyekuwa nimekaa pale. Nilijuta. Tangu mchana mpaka magharibi nilijuta. Nilisema laiti ningeolewa na Mbaruku."

Rajabu akauliza polepole, "Mbaruku fundi cherehani?"

"Huyo."

"Mwenye kengeza?"

"Huyo huyo."

"Kwani ulikaa nje mpaka magharibi?"

"Na sufuria."

Akainamisha kichwa. Nilidhani amekasirika. Kumbe anatafuta pa kuanzia. "Sikwenda Al Khor," akasema. "Nilikaa kitandani nivae viatu nije. Kimoja nikavaa. Cha pili nikakishika hivi. Nikaamka magharibi, kiatu kiko mkononi. Nikaona aibu, mke wangu. Ningekwambiaje?"

"Ulilala?"

"Nililala."

"Rajabu! Mwaka mzima nakuonea huruma kwa safari ya Al Khor! Nilikuombea hadi dua ya msafiri!"

Wekesa akaruka kutoka alipokaa. "Mheshimiwa jaji! Majuto mapya yameingia kotini! Naomba yaandikwe!"

Nikazoa chumvi yote ya kisahani nikammwagia Rajabu kichwani. Akawa mweupe kama mzee wa miaka mia. Alianza kucheka yeye, kisha mimi, kisha sikumbuki nani alifuata, najua tu kwamba Nakato alilala kabisa mkekani, na mimi ilibidi Halima na Grace waninyanyue kwa makwapa, maana magoti yalikuwa yamegoma. Hapo hapo Pilipili akauangusha ubavu, na Otieno, mzee wa baraza, akamkimbiza paka kuzunguka tangi la maji mara mbili.

Baraza lilikwenda kujadili nyuma ya tangi lile lile. Grace akasoma hukumu: Rajabu na Mwanaidi wameshindwa, kwa kukiri kwao wenyewe. Saidi na Pili bado siku kumi, lakini Madamu atakaposafiri watakuwa wametimiza, kwa kalenda zote mbili. Nyumba ni yao. Ubavu uoshwe vizuri, uliwe na wote. Maharusi wakabebwa juu juu kwenye viti vya plastiki, mguu mmoja wa kiti cha Saidi ukavunjika. Na Madamu akasema kwao hata walioshindwa hawaendi mikono mitupu, akatupatia sisi mguu wa mbuzi.

Sitawaficha, nilipoingia jikoni nilisugua sufuria ambayo ilikuwa safi. Wiki ile ilikuwa imenifikia kiganjani, nikairudisha kwa mkono wangu. Rajabu alikuja akasimama mlangoni na mguu wa mbuzi wake, chumvi bado nyuma ya masikio. Isha ikaadhiniwa, akaenda zake.

Ijumaa iliyofuata nilifungua geti la nyuma alfajiri kutoa taka. Nikasikia mtu anakohoa. Rajabu! Amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, viatu vyote viwili vimefungwa kamba, vikombe viwili vya karak chini, kimoja kakifunika kwa kofia yake kisipoe.

"Umefika saa ngapi?"

"Sikulala. Nimeogopa kiatu."

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa, Ijumaa baada ya Ijumaa, miaka mitano mpaka tuliporudi nyumbani. Hakuna hata moja niliyofungua geti lile nisimkute kwenye ndoo. Wiki ya nyumba ya Madamu niliikosa, nilikuwa chumbani kwangu nyuma ya jiko nawasikia maharusi wakicheka, na siku ya tatu Pili alikuja jikoni mashavu yamevimba, akaniambia, "Mama, nimejuta. Anavuta shuka lote." Nikamwambia, "Karibu kwenye ndoa, mwanangu, kunywa chai."

Sasa tuko Tanga, chini ya bati moja, siku saba kwa wiki. Kikohozi nakipata kila alfajiri, bure, mpaka namrushia mto. Anahamisha sukari yangu, anazima redio yangu, na tangu Jumatatu nimeshajuta mara nne. Vijana wa leo wao hawajuti, wao wanasherehekea: mwezi mmoja wa ndoa, keki, miezi miwili, picha na mioyo myekundu kwenye simu, wa tatu ukiuliza, picha zimefutwa na mtu kahama. Hakuna aliyewapigisha magoti kwenye kokoto wakasema ukweli mbele ya watu wanaocheka. Nasikia ua ule wa Madamu sasa umejengwa ghorofa. Madamu alirudi kijijini kwao, Bi Asha yuko Unguja na wajukuu kumi na mmoja. Mimi sina ninachopungukiwa. Ila ile Ijumaa yangu, iliyokuwa ikinifanya nianze kujipaka hina tangu Jumatano, sijui imeingia wapi. Imezama katikati ya siku nyingine, zimefanana zote. Huwa naamka mapema siku hiyo, nafungua mlango wa nyuma, naitazama ndoo ya hapa, haina mtu.

Mliokuwepo, mnaposoma haya, nisahihisheni nilipokosea. Labda kiti kilichovunjika kilikuwa cha Pili, si cha Saidi. Labda aliyesema mbuzi ni Mwislamu alikuwa Hamadi, na mimi nampa Musa sifa isiyo yake. Utepe nasema mwekundu, Bi Asha ataapa ulikuwa wa kijani. Niandikieni, nitafuta, nitaandika upya. Ila habari ya Ijumaa niliyokaa na sufuria msimuulize Rajabu. Yeye alikuwa amelala.